Bandugu Beko Wapi?

Mwaka 1999 kampuni ya Nissan ilipoingiza sokoni Serena ya kizazi cha pili huko Japani, tangazo lake halikujisumbua na nguvu za injini. Lilionyesha wazazi na watoto matembezini, likafungwa kwa maneno machache kwamba kumbukumbu ni bora kuliko vitu. Ni maneno ya ajabu kutoka kinywani mwa muuza vitu, lakini yaliwagusa Wajapani. Miaka mitatu kabla yake, 1996, Honda ilikuwa imeuza Step WGN kwa namna hiyohiyo: twende wapi na watoto? Baba, mama, watoto wawili, mlango wa kusukuma, na nje mandhari ya kupendeza.

Halafu sheria ya Japani inafanya kazi yake. Gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Gari likizeeka, mwenyewe huona afadhali aliuze. Linapanda meli, linashuka Dar es Salaam, linapita Tunduma, linakatiza Zambia hadi Kasumbalesa, na kutoka hapo ni kama kilomita 90 hadi Lubumbashi. Usukani wake uko kulia, katika nchi ambayo watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Mara nyingine kwenye kioo cha nyuma kuna kibandiko cha manjano kilichowekwa na mama fulani wa Osaka au Nagoya, kinachowaomba madereva wa nyuma waende polepole kwa sababu ndani kuna mtoto mchanga. Kibandiko kimesafiri na gari. Tangazo lililomfanya yule mama alitamani gari lenyewe limebaki kwao.

Mtu angeweza kuhitimisha basi kwamba watu wa Lubumbashi hawajawahi kuuziwa gari kwa picha ya familia. Kwa gari peke yake, karibu ni kweli: matangazo tunayoyaona sana kwenye televisheni za mji ni ya bia, simu na sabuni. Lakini picha ya baba, mama na watoto wenye raha, iliyotengenezwa na kampuni ili watu waitamani, iliingia mji huu zamani sana. Aliyeileta hakuwa anauza gari. Alikuwa anachimba shaba.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri lilianza kumimina shaba. Wakati ule kampuni haikutaka familia hata kidogo. Ilitaka mikono ya wanaume: waliokusanywa vijijini, wakaletwa kwa mikataba ya miezi michache, wakalala wengi chumba kimoja, wakarudi kwao wakibahatika kuwa hai. Vifo vilikuwa vingi, watoro vilevile. Wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na katika miaka ya 1920 migodi ya huko nayo ilipoanza kufunguka, Waingereza walihitaji watu wao. Kampuni ikakaa chini ikapiga hesabu. Mtu anayekuja na kuondoka ni ghali: kila mara lazima umtafute, umsafirishe, umfundishe upya. Mwenye mke na watoto hukaa.

Basi kuanzia mwaka 1928 hivi sera ikageuka. Mikataba ikawa ya miaka mitatu. Kampuni ikasaidia kulipa mahari, ikamletea mfanyakazi mke wake, ikajenga nyumba za familia, ikatoa mposho, yaani mgao wa chakula, wa mke na wa kila mtoto. Zikaja zahanati za wajawazito na za watoto wachanga, maziwa ya watoto, shule za mapadri Wabenedikto, na baadaye vituo ambako wanawake walifundishwa kushona na kupika. Mhandisi mkuu wa mambo haya alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, na mwaka 1946 alichapisha ripoti ya matokeo ya miaka ishirini ya sera hiyo. Ukiisoma unaona jinsi upendo wa mzazi unavyoweza kuandikwa kwa lugha ya mhasibu. Mtoto anayepimwa uzito leo ni fundi wa kesho ambaye hatahitaji kutafutwa mbali.

Wafanyakazi walikuwa na namna yao ya kulisema jambo hilo, na wazee wa komponi, kambi za wafanyakazi, wanalisema hadi leo: Union Minière njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyetumia maisha yake ya utafiti kuwasikiliza watu hawa, mwaka 2001 aliandika kitabu kuhusu watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni.

Ila baba huyu alikuwa na hesabu kali ya nani ni mwanawe. Familia ya kampuni ilikuwa mume mmoja, mke mmoja na watoto wao. Mposho ulihesabiwa hivyo, nyumba ilipimwa hivyo. Mama mzazi wa mfanyakazi hakuwemo. Shangazi hakuwemo. Mdogo wake aliyetoka kijijini kutafuta shule alikuwa mgeni, na mgeni wa komponi alihitaji ruhusa. Kwa watu waliotoka Kasai, Lomami, ukanda wa Luapula au Rwanda, ambako mtu huhesabiwa kwa ukoo wake, picha ya kampuni ilikuwa imekatwa kwa mkasi: katikati wako sawa, pembeni wameondolewa.

Na ndani ya ile picha njaa ilikuwepo. Bei zilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Pili huku mishahara imekaa palepale, wafanyakazi waligoma Desemba 1941. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Karani Léonard Mpoyi alikuwa msemaji wao, gavana Maron alikuwepo, na askari walifyatua risasi. Mpoyi aliuawa pale pamoja na wenzake wengi. Baba alikuwa amewapiga watoto wake risasi uwanjani, kisha siku ya mposho ilipofika akagawa unga.

Baada ya vita picha ilipata wapiga picha wa kweli. Congopresse, shirika la habari la serikali ya koloni, lilisambaza picha za familia za Waafrika walioitwa évolués, yaani "walioendelea": bwana amevaa tai, bibi anamimina chai, watoto wamekaa wima, redio iko juu ya kabati, kitambaa cha kufuma kimelazwa chini ya redio. Zilikuwa picha za kupangwa, kama tangazo lolote. Tofauti ni kwamba mtazamaji hakuombwa anunue kitu. Aliombwa afanane na picha. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 hadhi ya juu zaidi ya immatriculation, ambapo mwombaji alichunguzwa hadi maisha ya nyumbani kwake. Sijui tangazo jingine lililotuma wakaguzi nyumbani kwa watazamaji wake.

Union Minière yenyewe ilianzisha gazeti lake, Mwana Shaba, mwaka 1957. Jina lenyewe lilimaliza maneno. Mfanyakazi alijiona humo, au alimwona jirani, akasoma habari za michezo, za kazi, za waliostaafu na za nyumbani. Gari halikuwa ndoto ya karibu. Baiskeli ndiyo iliyokuwa chombo cha kifahari cha mfanyakazi, pamoja na cherehani ya bibi na gramafoni ya salo, yaani sebule. Gari lilikuwa la Mzungu, la padri, na la wafanyabiashara wachache kama ukoo wa Tshombe, waliokuwa na malori kabla mwana wao Moïse hajatangaza uhuru wa Katanga Julai 1960.

Hata Kanisa lilihisi kwamba kuna kitu kinakosekana ndani ya familia iliyojengwa na kampuni. Padri Placide Tempels alipoanzisha mikutano ya waume na wake katika kambi za Kolwezi, mwaka 1953 hivi, kundi lililozaliwa lilijiita Jamaa, likaenea miji yote ya migodi. Watu waliokuwa na nyumba, maziwa na mposho walikuja kuzungumza jioni kuhusu mapendo, kwa sababu hayo hayakuwemo kwenye orodha.

Serikali ya Mobutu iliitaifisha kampuni tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mji ulikuwa umeshapewa jina la Lubumbashi mwaka uliotangulia. Baba alibadili jina, mposho ukaendelea, Mwana Shaba likaendelea kuchapishwa. Na katika miaka hiyohiyo watu wa mji wakaanza kutengeneza picha zao wenyewe.

Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo tunapowaona watazamaji wa Lubumbashi wakifanya kazi yao. Miaka ya 1970 salo ya mfanyakazi wa kawaida ilikuwa na mchoro wa rangi ukutani, uliochorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kuuzwa mlango kwa mlango. Mada zilijulikana. Kuna Colonie belge: mfungwa anachapwa viboko, askari amesimama, Mzungu na kiko chake pembeni, wanawake wanalia. Kuna Simba Bulaya na Batumbula, hofu za zamani za usiku. Na kuna Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, saa mkononi, ametulia kando ya maji.

Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini hapa, alikutana na mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea historia nzima ya nchi na kumsimulia kila mchoro kwa Kiswahili cha hapa. Michoro 101 ilitoka katika kitabu cha Fabian cha mwaka 1996. Kilichomvutia mtafiti huyu ni kwamba wanunuzi hawakuuliza kama mchoro ni mzuri. Waliuliza kama unakumbusha. Mchoro ulining'inia salo ili mgeni akiingia aukodolee macho, aseme neno, mwenye nyumba naye aseme lake, na kabla chai haijapoa babu ameshafufuliwa, ameshapigwa viboko, ameshatoroka kazi na kukamatwa. Picha isiyozua maneno ilikuwa hasara ya pesa.

Sasa mtazame yule Mamba Muntu kwa makini, kwa sababu ndiye tangazo la utajiri lililo kinyume kabisa na lile la Nissan. Anatoa mali: nyumba, fedha, gari. Lakini watu wa Lubumbashi walijua bei. Aliyepatana naye hutunza siri, na mara nyingi hulipa kwa watu wake mwenyewe: mke hakai, mtoto anaugua bila sababu, mdogo anakufa. Kwa hiyo mtu akionekana ghafla na gari jipya ambalo chanzo chake hakijulikani, mtaa hautazami rangi ya gari. Unahesabu watoto wake. Matangazo ya Japani yanasema nunua gari ili uwe na familia yenye furaha. Salo za Katuba na Kenya, mitaa yetu ya kazi, zilikuwa zikiuliza umelipata gari hilo kwa familia ya nani.

Sisemi kwamba watu walikuwa wajinga au waoga wa maendeleo. Walikuwa wameshaishi miaka hamsini na kampuni iliyowapa kila kitu kwa masharti. Walijua zawadi ina upande wa nyuma.

Na upande huo ulijionyesha. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na familia zilizojengwa na sera ya mwaka 1928 zikalala vituo vya reli zikingoja treni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji haukufika hata tani 30,000. Mishahara ilikatika kwa miezi na miezi. Ndipo mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alipewa fedha kwa mkupuo: baba anawaaga watoto.

Nenda leo ukazungumze na walioondoka, au na wajane wao, hadithi zinafanana. Fedha zile zililipa madeni ya dukani na ada za shule, zikafungua kibanda, zikanunua kinu. Wengine wakanunua gari kuukuu wakalitia barabarani kama taksi. Gari lilipokufa, mara nyingi mapema, fedha zilikuwa zimekwisha. Ni miaka hiyohiyo, kuanzia mwaka 2000, ambapo mradi wa Mémoires de Lubumbashi wa chuo kikuu, ukiwa na kina Dibwe na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, ulianza kukusanya masimulizi ya wakazi na kufanya maonyesho katika jumba la makumbusho la mji. Kitabu cha kuadhimisha miaka mia ya mji mwaka 2010 kina jina la Kifaransa, na chini yake la Kiswahili: Ukumbusho wa mukini wa komponi. Mpiga picha Sammy Baloji naye alikuwa ameshachukua picha za kale za wafanyakazi akazibandika juu ya picha mpya za mitambo iliyokufa, katika mfululizo alioutoa mwaka 2006. Watu waliopigwa picha ili waonekane watiifu sasa wamesimama wanatutazama, na nyuma yao kuna kutu.

Hilo ndilo jicho linalolipokea gari la Japani likifika kutoka Kasumbalesa.

Tuanze na mlango. Mabasi madogo ya Toyota yametengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto, upande wa ukingo wa njia. Lubumbashi ukingo uko kulia. Mlango unafungukia katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la mboga hushukia mahali ambapo magari mengine yanapita, na msaidizi wa dereva hunyosha mkono kuyasimamisha. Serikali imewahi kupiga marufuku usukani wa kulia kwa sababu kama hizi. Ukisimama njia ya kwenda Ruashi utaona amri hiyo imefika wapi. Gari lililonunuliwa Japani ili watoto washuke salama ni lilelile.

Kisha idadi ya watu. Toyota Noah ilipangiwa abiria wanane au pungufu. Hapa wanne wanabanwa kwenye kiti cha watatu, na wa nyuma kabisa amepakata mzigo wa mwenzake. Mtu akisema limejaa, dereva anakumbusha kwamba sote ni ndugu, hoja ambayo huwashinda hata walimu wa hesabu.

Matangazo nayo yapo, ila hayatengenezwi kiwandani. Komisyonere, yaani dalali, anapiga picha gari kwenye simu, limeoshwa, limeegeshwa mbele ya geti la mtu mwingine mwenye geti zuri, anaituma WhatsApp. Akijibiwa anaanza kusimulia: lilikuwa la mama mmoja, alikuwa anaenda nalo kanisani tu. Mnunuzi anajua kwamba mama huyo hayupo, na komisyonere anajua kwamba mnunuzi anajua. Lakini hadithi lazima isimuliwe, la sivyo bei itashuka. Gari likishanunuliwa linapelekwa kwa mchungaji liombewe. Halafu linaandikwa. Kwenye kioo cha nyuma, juu ya kile kibandiko cha manjano au kando yake, yanakuja maandishi makubwa: Merci Maman. Mungu ni Mwema. Jina la mtoto. Jina la mjomba aliyeko Ubelgiji aliyetuma fedha. Kila anayesoma anafahamishwa kwamba gari hili lina watu, na kwamba mali yake haina siri. Mtaani kwetu maandishi hayo ni majibu kwa Mamba Muntu zaidi kuliko mapambo.

Matangazo makubwa ya dunia nayo yanafika, kwa simu. Mwezi Februari 2011 Volkswagen ilitoa lile la mtoto aliyevaa kofia ya Darth Vader, mhusika wa filamu mwenye nguvu za ajabu, anayejaribu nguvu zake kwa mbwa, kwa mwanasesere, kwa mashine ya kufulia, bila mafanikio, hadi baba yake anapowasha gari kwa rimoti kutoka jikoni na mtoto anashtuka akidhani ni yeye. Mamilioni walilitazama mtandaoni kabla halijaonyeshwa kwenye fainali ya mpira wa Kimarekani. Nimelionyesha nyumbani kwa jamaa, Katuba, mbele ya watu wa rika zote. Walicheka mahali pa kucheka. Mtoto aliwagusa, na mmoja wa mabinti aliomba lirudiwe. Bibi kizee aliyekuwa anachambua matembele alisubiri limalizike mara ya pili, akauliza:

"Mu ile nyumba yote kubwa, beko batatu tu? Bandugu beko wapi?"

Mtu alimweleza kwamba Ulaya ndivyo wanavyoishi. Hakuridhika. Alitaka kujua, kama baba ana gari, nani anampeleka mama mkwe hospitali, na mbona hata mgeni mmoja hakubisha hodi. Kijana wa nyumba alijibu kwamba ni tangazo tu, mama. Yeye akasema komponi nayo ilikuwa hivyohivyo, ndugu ukija walikuuliza karatasi, kisha akaanza kutusimulia jinsi kaka yake alivyofichwa chini ya kitanda usiku wa ukaguzi. Simu ilizimwa. Hadithi ilichukua saa nzima, na ilipoisha mwenye gari, ambaye alikuwa amekaa kimya mlangoni, alikumbushwa kwamba Jumamosi kuna kilio Likasi, watu tisa wanahitaji nafasi, akaulizwa mafuta wachangie wangapi.